Maji nimetoa yote kwenye karavani kabla ya baridi, mbona valvu ya choo imepasuka? Hewa ya kompresa au dawa ya pinki ya kuzuia mabomba yasipasuke kwa barafu?

#1 MsafiriPolepole
Wakuu habari. Naomba tusaidiane. Karavani yangu inalala nje kipindi chote cha baridi, haina gereji. Kabla barafu haijaanza nilitoa maji kama ninavyotoa kila mwaka, tenki la maji safi nikalifungua likaisha, hita ya maji nikaizima ikapoa nikatoa plagi, zile koki mbili za chini ya sakafu nikafungua zote ya moto na ya baridi, alafu nikaunga kompresa pale kwenye mdomo wa nje wa kuingizia maji nikapuliza mpaka kila koki ndani ikawa inatoa hewa tupu. Trapu za sinki na shawa nikamimina dawa ya pinki.

Sasa baridi imeisha nimerudisha maji, nawasha pampu haizimi. Nasikia chiii huko chooni, kuangalia nyuma ya choo ile valvu ya plastiki ina ufa na maji yanaruka ukutani. Kwenye pampu nako kile kikombe cha chujio kina ufa mwembamba.

Swali langu, kama maji yalitoka yote kilichoganda ni nini? Na nyie mnatumia nini, hewa au dawa?

#2 ngoja_kwanza
Ngoja waje wenye uzoefu. Yangu nayo inalala nje, nakaa hapa nasoma.

#3 FundiKoki
Mkuu, kwenye kikombe cha chujio hakuna fumbo. Ulipuliza kutoka mdomo wa nje, hewa ikafika kwenye pampu ikakuta nonritani (valvu ya njia moja) imefunga, haipiti. Upande wote wa nyuma ya pampu, yaani chujio na kile kipande cha mpira kinachotoka tenkini, haukuguswa na hewa hata kidogo. Tenki kuwa tupu sio dalili kwamba ule mpira ni mtupu. Kikombe kimejaa mpaka juu, maji yakiganda yanaongezeka kama asilimia 9, plastiki haina pa kwenda, inaachia.

Kinga yake ni kukifungua kwa mkono ukakimwaga, au tenki likishaisha unaiacha pampu ikimbie kavu kidogo mpaka iteme yaliyobaki. Hizi pampu za diaframu zinavumilia kukimbia kavu kwa muda mfupi, usiiache tu inaunguruma ukaenda kulala.

Ya choo ndo ina maneno. Pedali uliikanyaga wakati unapuliza?

#4 MsafiriPolepole
Niliikanyaga mkuu. Yalitoka matone, ikapiga kelele, kisha hewa kavu. Ndo maana nashangaa.

#5 BiKaravani
Hapo ndo hewa inapowadanganya watu. Hewa inapita katikati ya bomba, ina njia yake, inaacha maji yamelala chini na kwenye kona. Ukisikia koki inatema hewa unaona kazi imeisha, kumbe ndani ya mwili wa valvu kuna kijiko cha maji. Bombani kijiko hakina madhara. Ndani ya valvu ya choo, ambamo nafasi yenyewe ni hicho kijiko, ni kesi nyingine kabisa.

Mimi natumia dawa ya pinki mfumo mzima. Nachomeka mpira mfupi upande wa kunyonya wa pampu, mwisho wake ndani ya dumu, hita naiweka kwenye baipasi (njia ya pembeni inayoiruka), nafungua koki moja moja kuanzia iliyo karibu na pampu kwenda ya mbali, baridi kisha moto, nasubiri rangi. Choo nakanyaga mpaka pinki imwagike ndani. Shawa ya nje msiisahau, hiyo ndo inayosahaulika kuliko zote. Lita 8 hadi 12 zinatosha karavani ya kawaida. Bila baipasi andaa lita 20 na ushee za kujaza hita bure, na hita haina haja ya dawa, ina haja ya kutolewa maji tu.

#6 HewaSafi
Bi Karavani heshima yako, ila umeipaka hewa matope. Natumia hewa peke yake kila baridi, tena baridi ya maana, haijawahi kupasuka kitu. Tatizo sio hewa, ni aina ya kompresa na namna ya kupuliza. Wengi wanaunga kile kipampu cha matairi. Kile kinatoa presha lakini hakina ujazo, kinapuliza kama mtu anayepoza chai. Unahitaji kompresa yenye tenki ili hewa ije nyingi kwa mkupuo na kuyasukuma maji kweli. Unafungua koki moja, unapuliza, unafunga, unahamia nyingine, ukimaliza zote unarudi duru ya pili. Duru ya pili ndo yenye kazi, kwa sababu maji yaliyotulia kidogo yanakuwa yameshuka.

Na dawa yenu baridi ikiisha mnaosha siku nzima, maji yanatoa povu na ladha haitoki.

#7 karanga_mbichi
Psi (kipimo cha presha) ngapi mnapuliza? Kompresa yangu ni ya karakana inafika 120.

#8 FundiKoki
#7 USIUNGE hiyo moja kwa moja! Weka regyuleta ya kupunguza presha, psi 40 hivi, usizidi 50. Fitingi za karavani ni plastiki na mabomba yake hufanya kazi kwenye presha ya pampu ambayo nyingi zinakata kwenye 45 mpaka 55. Na kabla ya kufungua hewa hakikisha kuna angalau koki moja iko wazi, usipulize mfumo uliofungwa kila mahali.

#9 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Basi huenda #8 ametupa jibu la mleta uzi bila kujua. Mkuu Msafiri regyuleta yako ilikuwa kwenye ngapi? Maana nionavyo mimi ile valvu haikupasuka na barafu, ilipasuliwa na kompresa siku ileile. Haikuvuja kwa sababu hakukuwa na maji ya kuvuja. Imekaa na ufa wake kimyakimya, umerudisha maji umeiona leo, ukailaumu barafu.

#10 MsafiriPolepole
Regyuleta ninayo, ilisoma 45.

#11 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Gaji za hizo regyuleta za bei poa huwa zinasoma wanavyotaka. Nabaki hapohapo.

#12 HewaSafi
Kapteni na wewe, ukiona ufa wowote ni kompresa tu. Psi 45 haipasui valvu nzima.

#13 Mama_Tairi
Naomba niseme kitu kuhusu dawa kabla mtu hajaumia. Humu kila mtu anasema "pinki, pinki", mtu ataenda kuchukua dawa ya kupozea injini ya gari kwa sababu nayo ni pinki. Ziko za magari zenye rangi hiyohiyo! Za magari nyingi ni ethilini glaikoli, ni SUMU, tena ina utamu, mtoto au mbwa ananywa na figo zinaharibika. Ya karavani ni propilini glaikoli, ndo salama kwa mabomba ya maji ya kunywa. Rangi sio kigezo, someni lebo.

Na nyingine zinachanganywa spiriti, yaani ethanoli. Hizo zinashika moto na zinakausha oringi na mipira ya valvu. Sasa fikirieni, mpira wa choo ukikauka unaacha kufunga, mtu anasema choo kimeharibiwa na baridi kumbe kimeharibiwa na dawa.

#14 BiKaravani
Nakazia #13. Za spiriti hata harufu yake utaijua.

#15 jirani_mwema
Nina kisa tofauti kidogo. Karavani ya jirani yangu ilipitishwa dawa ya kuandikwa -46 kabisa kwenye dumu, na bado elbo moja chini ya sinki ikapasuka, na baridi yenyewe haikufika hata -20. Alienda kulalamika alikonunua, wakamwambia dawa ni nzima. Tuelewe vipi hapo?

#16 Mkemia_Mstaafu
#15 ile namba kwenye dumu wengi wanaisoma vibaya. -46 ni kinga ya bomba kupasuka, sio kinga ya dawa yenyewe kuganda. Dawa hiyo ikifika -11 au -12 hivi inaanza kuwa uji wa barafu. Uji huo ni laini, unasogea bombani, hausukumi kuta kama barafu ngumu ya maji matupu, ndo maana bomba linapona. Mtu akifungua koki katikati ya baridi anaona uji hautoki anaogopa, wala asiogope, ila asiwashe pampu kulazimisha.

Lakini hiyo yote ni kwa dawa kama ilivyotoka dumuni. Ikikuta maji yamebaki bombani inachanganyika nayo, glaikoli inapungua, kinga inapanda juu kuelekea sifuri. Dumu la -46 likichanganyika nusu kwa nusu na maji yaliyobaki sio tena la -46, na tena sio la -23, hesabu haiendi hivyo, inakuwa mbaya zaidi. Nadhani elbo ya jirani yako ilikuwa sehemu ya chini ambako maji yalijikusanya. Kwa hiyo hata wa dawa anatakiwa atoe maji kwanza, na aache dawa itoke kwenye koki mpaka rangi ikolee sawa na ya dumuni. Rangi ya kufifia isikubalike.

#17 HewaSafi
Sasa ukishatoa maji yote kwanza kwa hewa, dawa ya nini tena?

#18 BiKaravani
Ya vile vijiko nilivyosema #5.

#19 pikipiki_tatu
Swali la pembeni, ni kwa nini bomba la maji ya moto ndo hupasuka kwanza? Karavani mbili ninazozijua zote lilipasuka la moto, la baridi lililolala pembeni yake likapona.

#20 Dogo_Fizikia
Hiyo ni Mpemba hiyo!! Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi Magamba Sekondari, Tanzania, mwaka 1963 aliona mchanganyiko wa aiskrimu wa moto unaganda kabla ya ule uliopoa. Akachekwa darasani. Baadaye akashirikiana na Denis Osborne aliyekuwa anafundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam, makala yao ikatoka 1969, na leo dunia nzima inaita jina lake. Maji ya moto yanawahi kuganda, bomba la moto linawahi kupasuka.

#21 Mkemia_Mstaafu
Kijana nafurahi umemkumbuka Mpemba, ni heshima yetu. Ila kwanza jambo lenyewe bado lina ubishi, mwaka 2016 Burridge na Linden walipima wakasema hawakupata ushahidi wa maana. Pili, na hili ndo kubwa, karavani imezimwa wiki kadhaa. Hita imepoa zamani. Siku barafu inapokuja, maji ya bomba la "moto" na la "baridi" yana joto lilelile. Mpemba hapo anaingilia wapi?

#22 Dogo_Fizikia
Sawa mzee lakini maji yaliyowahi kuchemka yamepoteza hewa iliyoyeyuka ndani yake, hata yakishapoa hewa hairudi haraka ndani ya bomba lililofungwa. Kuna wanaosema maji ya aina hiyo yanakawia kuganda, yanashuka chini ya sifuri yakiwa bado maji, kisha yanaganda ghafla na kuziba bomba zima kwa mpigo, wakati yenye hewa yanajenga barafu taratibu ukutani na kuacha njia katikati.

#23 Mkemia_Mstaafu
Hiyo angalau ina miguu ya kusimamia. Sijashawishika, ila ina miguu.

#24 FundiKoki
Mimi nina jibu la fundi. Bomba la moto lina safari ndefu. Linatoka kwenye pampu linaenda hita linarudi, lina kona nyingi, lina valvu za baipasi na nonritani yake pale kwenye mlango wa hita. Watu wakipuliza wanafungua koki ya baridi inatema hewa wanaridhika, ya moto wanaipitia harakaharaka. Tena zile koki za mkono mmoja, ukiinua katikati hewa inapita upande wenye njia rahisi ambao ni wa baridi, wa moto unabaki na maji yake. Geuza mkono mpaka mwisho kulia, puliza, kisha mpaka mwisho kushoto, puliza. Hapo hakuna fizikia ya makala.

#25 Dogo_Fizikia
Fizikia iko kila mahali fundi 😄

#26 Nyumba_Magurudumu
Naomba nirekebishe kitu wengi mnakichukulia kama sheria. Mnasema maji yanaganda, yanapanuka, yanasukuma kuta, bomba linapasuka palepale penye barafu. Mara nyingi sivyo. Barafu inaanza mahali pa baridi zaidi, inaziba bomba, kisha inakua kuelekea koki iliyofungwa. Maji yaliyobanwa kati ya barafu na koki hayana pa kwenda, presha yake inapanda juu sana, na kinachoachia ni sehemu dhaifu hata kama hapo penyewe hakuna barafu. Ndo maana mtu anakuta ufa mahali penye joto kuliko kwingine anachanganyikiwa.

Kwa hiyo mleta uzi, baada ya kupuliza, uliacha koki wazi au ulifunga? Kwa maana kwangu hilo linazidi hata ubishi wa hewa na dawa. Koki zikiwa wazi maji yaliyobaki yakisukumwa yana pa kutokea.

#27 MsafiriPolepole
Koki za sinki na shawa niliziacha wazi zote. Choo hakina namna ya kukiacha wazi, pedali inarudi yenyewe.

#28 Nyumba_Magurudumu
Umeona sasa. Sehemu pekee iliyofungwa ndo iliyopasuka.

#29 kamba_ya_katani
#28 umepiga penyewe. Watu wengine huweka kijiti kwenye pedali ibaki imekanyagwa.

#30 BiKaravani
Kijiti ukiweka harufu ya tenki la choo inaingia ndani miezi yote hiyo, na ule mpira wa mviringo unakaa umekunjwa. Mimi siweki. Namimina pinki kidogo juu ya mpira ubaki umelowa, na tenki lenyewe likishamwagwa naweka kiasi ili valvu ya chini ya kumwagia isigande.

#31 HewaSafi
Lakini #28 ili presha ijengeke inabidi kuwe na maji ya kutosha kuziba bomba upana wake wote. Vijiko vya Bi Karavani haviwezi kuziba bomba. Kwa hiyo ama Msafiri alikuwa na maji mengi bombani, ama nadharia yako haimhusu. Chagua.

#32 Nyumba_Magurudumu
Mabomba yananing'inia mkuu. Kati ya klipu na klipu bomba la plastiki la pex linalegea linashuka katikati. Maji ya urefu wote yaliyobaki ukutani yakitulia usiku kucha yanateleza yanajikusanya kwenye ule mteremko, hapo yanaziba upana wote bila shida. Na bomba la choo kwenye karavani nyingi ndo la mwisho na la chini.

#33 wa_kulala_humo
Mimi siihifadhi, naishi humo ndani baridi yote. Naona mnahangaika, washeni moto tu.

#34 ngoja_kwanza
#33 hebu tueleze, na maji unatumia vipi?

#35 wa_kulala_humo
Mpira wa maji wa nje uwe wenye waya wa joto, au usiuache umeungwa kabisa, jaza tenki la ndani na utumie pampu. Chini ya gari zungushia kitambaa kizito au mbao upepo usipite. Usiku milango ya kabati zenye mabomba iache wazi joto liingie.

Na hiki wengi wanakosea: kile kihita cha umeme cha sakafuni kinapasha chumba lakini mabomba yanaganda. Kwenye karavani nyingi hita kuu ya gesi ndo inayopeleka joto chini ya sakafu kwa mabomba yake ya hewa. Wewe ukiona chumba kina joto kwa umeme, thermostati ya gesi haiwaki, chini kunaganda huku umevaa fulana.

#36 karanga_mbichi
Kuacha koki idondoke usiku je, si inasaidia?

#37 wa_kulala_humo
Nyumbani inasaidia. Karavani yale matone yanaenda tenki la maji machafu linajaa, na ukiacha valvu ya kumwagia wazi yanateleza kidogokidogo kwenye mpira wa nje yanaganda tabaka juu ya tabaka mpaka mpira wote ni gogo la barafu. Funga valvu, subiri tenki lijae, mwaga kwa mkupuo, funga tena.

#38 pikipiki_tatu
Kwetu ilikuwa -1 tu lakini upepo ulifanya iwe kama -10, nikajua mabomba yamekwisha.

#39 Mkemia_Mstaafu
Hiyo ya "kama -10" ni kwa ngozi ya mtu. Bomba haliwezi kupoa chini ya joto la hewa yenyewe hata upepo uvume vipi. Upepo unalifanya lifike -1 haraka, basi. Kama hewa ni +1, upepo wowote ule hauligandishi.

#40 jirani_mwema
#39 isipokuwa usiku wa anga wazi bila wingu, vitu vya nje vinapoteza joto kwenda angani na vinaweza kushuka chini ya hewa kidogo. Baridi nyeupe kwenye majani unaiona hata kipimajoto kinasoma juu ya sifuri. Mpira wa maji uliolala nje juu ya ardhi unaweza kuganda hivyo.

#41 Mkemia_Mstaafu
Hilo ni kweli, nimelikubali. Chini ya karavani lakini hakuoni anga.

#42 FundiKoki
Turudi kwenye mada. Msafiri weka picha ya hiyo valvu, au tueleze ufa umeanzia wapi na umeelekea wapi. Ufa unasema mengi.

#43 MsafiriPolepole
Picha inagoma kupanda. Ufa unaanzia kwenye zile nyuzi anapoungia bomba, unapanda kwa urefu mpaka katikati ya mwili wa valvu. Sehemu ya juu naona kama imevimba kidogo ukilinganisha na mpya niliyonunua.

#44 FundiKoki
Kuvimba! Basi ni barafu, kompresa haivimbishi plastiki. Imesukumwa pole pole kutoka ndani.

#45 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Ufa umeanzia kwenye nyuzi. Pale nati ikikazwa kupita kiasi plastiki inakaa na mvutano miaka yote, presha kidogo ikija inafunguka kuanzia hapo. Kuvimba "kidogo" kwa macho hatuwezi kukuchukulia kama ushahidi. Aliyefunga choo alitumia spana, zile nati zinatakiwa zikazwe kwa mkono.

#46 Nyumba_Magurudumu
Na kwa nini isiwe vyote? Nati iliyokazwa sana ndo sehemu dhaifu, maji yaliyobanwa ndo presha.

#47 Mama_Tairi
Mimi naongeza umri. Plastiki ya valvu ikizeeka kwenye baridi inakuwa kavu kama ganda la yai, unarudisha maji, pampu inapiga ile ngumi ya kwanza kwenye bomba lenye hewa, ndo ikapasuka siku hiyo ya kurudisha. Ndo maana ninapoanza nafungua koki zote kwanza kabla sijawasha pampu, hewa itoke taratibu.

#48 HewaSafi
Kuna swali hamjamuuliza. Mdomo wa nje wenyewe una nonritani yake na kichujio kidogo cha wavu. Ukishatoa kompresa, ulikibonyeza kile kidude cha katikati? Pale kwenye mdomo hubaki maji nyuma ya nonritani, na wale wa dawa ndo wanapasahau kabisa maana pampu inasukuma kutoka upande mwingine.

#49 BiKaravani
Hatupasahau. Ukimaliza unazima pampu, unafungua koki presha ishuke, unatoa wavu, unabonyeza kwa bisibisi pinki inatoka. Simama pembeni tu isikurukie machoni.

#50 karanga_mbichi
Wakuu na hita, hiyo plagi yangu imegoma kutoka. Na mara ya mwisho ilipotoka niliona ina fimbo imeliwaliwa.

#51 FundiKoki
Hiyo fimbo ni anodi, imewekwa iliwe ili tenki lisiliwe. Hita za Suburban tenki lake ni chuma, zina anodi hiyo. Za Atwood tenki ni alumini, hazina, zina plagi ya plastiki tu, usije ukaforce fimbo kwenye hiyo. Ya kwako ikiwa imeliwa robo tatu badilisha. Kuitoa, kwanza hakikisha hita imepoa na presha umeitoa kwenye valvu ya usalama, la sivyo maji ya moto yatakurukia. Soketi ya milimita 27 na mkono mrefu, vuta taratibu. Maji yakiisha huwa inabaki lita moja au mbili chini, hayo yana nafasi ya kupanuka, hayapasui tenki.

Na tafadhali funika swichi ya umeme ya hita kwa tepu. Ikiwashwa tenki likiwa tupu elimenti inaungua muda huohuo.

#52 mgeni_kidogo
Na sisi wenye hita zisizo na tenki? Fundi mmoja aliniambia hakuna cha kufanya kwa sababu haihifadhi maji.

#53 FundiKoki
Huyo fundi usimrudie. Haina tenki lakini ndani ina vibomba vyembamba vya kubadilishia joto, maji yanabaki humo, na ni vyembamba kiasi kwamba kidogo tu kinatosha kuvipasua, na kuvitengeneza ni karibu sawa na kununua mpya. Nyingi zina kichujio cha kufungua sehemu ya kuingilia maji, kitoe, toa maji, na soma kitabu chake kinaruhusu hewa au dawa, sio zote zinakubali dawa. Modeli gani hiyo?

#54 mgeni_kidogo
Nikirudi kwenye gari naangalia lebo, nakuja.

#55 HewaSafi
Ukija njoo na jina la hiyo hita na kama kitabu kimetaja psi. Nataka nimwonyeshe Bi Karavani.

#56 BiKaravani
Nipo.